Vitabu Vilivyoachwa Vyumbani: Msomaji wa Nuu na Suala la Fasihi Pendwa

Istilahi ya fasihi pendwa imeshika mizizi katika uhakiki wa Kiswahili kwa muda mrefu sasa, na haielekei kung'oka. Neno lenyewe ni la ajabu. Limenyambuliwa kutokana na kitenzi penda, likatiwa katika kauli ya kutendwa, na kwa maana yake ya wazi ladokeza fasihi ambayo watu huipenda. Hata hivyo, katika kumbi za mihadhara hutamkwa kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi. Mwanafunzi wa uzamili akiambiwa kwamba riwaya aliyoichagua kwa ajili ya tasnifu yake ni 'pendwa', hujua mara moja kuwa ameshauriwa atafute nyingine. Ile iliyobaki, yaani fasihi isiyo pendwa, ingestahili kuitwa jina gani kwa haki? Wataalamu wameiita fasihi dhati, na mambo yakaishia hapo.

Mhadhiri mmoja wa fasihi, mzaliwa wa Nuu katika kaunti ya Kitui, alikuwa ameitumia istilahi hiyo darasani kwa miaka mingi bila ya kusumbuliwa nayo. Alianza kusumbuliwa katika likizo ya Desemba 2022, aliporudi nyumbani na kukabidhiwa makasha matatu ya vitabu na dada yake mkubwa. Pamoja na makasha hayo kulikuwa na barua ya mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya jirani. Shule ilikuwa tayari kuvipokea vitabu hivyo katika maktaba yake, ambayo kwa kweli ni kabati moja lenye kufuli, mradi 'mtaalamu' avipitie kwanza na kuandika orodha ya vile visivyodhuru maadili ya wanafunzi, hususan wasichana. Orodha ilitakiwa kabla ya shule kufunguliwa Januari 2023.

Historia ya makasha hayo yafaa ielezwe, kwa kuwa haipatikani katika vitabu vya nadharia. Dada yake mhadhiri alifanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja ya pwani ya kusini ya Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgeni wa hoteli husafiri na vitabu vyepesi, vya kusomwa ufukweni, na akimaliza huviacha chumbani kando ya kitanda, kwa sababu mkoba wa kurudi nao umekwisha kujazwa vinyago na kanga. Mfanyakazi wa chumba hicho huviokota. Wengine waliviuza. Dada huyu, aliyeishia darasa la nane na aliyejifunzia Kiingereza chake chote hotelini, alivisoma. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, alirudi Nuu na vitabu vyake, akafungua kibanda cha kuuza sukari, unga na viberiti sokoni.

Basi katika makasha hayo tanzu za fasihi zilijipanga zenyewe kwa mujibu wa ladha ya watalii. Nusu nzima ilikuwa riwaya za mahaba za likizo, nyingi zikiwa za Mills & Boon. Robo ilikuwa riwaya za upelelezi mwepesi, zile ambazo mauaji hutokea lakini damu haionekani na chai haikosekani. Zilizobaki zilikuwa fantasia: majoka, falme, watoto wenye uchawi. Chini kabisa ya kasha la tatu palikuwa na vitabu vichache vya Kiswahili ambavyo dada mwenyewe alivinunua kwenye vibanda vya mitumba huko Mombasa, na kimoja cha David Maillu kisicho na jalada.

Mhadhiri alianza na mahaba, kwa kudhani kwamba hayo yangemalizika upesi.

Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon; mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin ya Kanada. Msuko wa riwaya zake wajulikana hata kwa asiyezisoma: mwanamke asiyejivuna, mwanamume tajiri mwenye kiburi, kutoelewana, bahari, kuelewana, ndoa. Mhakiki aliyefundwa katika uhalisia wa kijamii hupata kazi rahisi hapa. Ataonyesha kwamba tabaka halitajwi, kwamba mali ya mwanamume haielezwi imetoka wapi, na kwamba msomaji analewesha nafsi yake. Yote hayo ni kweli, na yote hayo dada mwenye makasha aliyajua bila ya kusoma nadharia. Katika riwaya moja iliyosawiri hoteli ya ufukweni, alimwonyesha nduguye ukurasa ambapo shujaa wa kike anaamka na kukuta kitanda cha jirani kimetandikwa. 'Hapa nimeandikwa mimi,' alisema. 'Mimi ndiye niliyetandika. Lakini mwandishi hakuniona.'

Kauli hiyo ina uzito wa kihakiki kuliko inavyojidai. Watu wa Ukambani wamekuwa pembezoni mwa likizo za wengine kwa zaidi ya nusu karne. Sanaa ya kuchonga vinyago, ambayo Mutisya Munge wa Wamunyu aliileta kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ndiyo iliyowafikisha wachongaji wengi Changamwe na kwenye milango ya hoteli za pwani; twiga wa mti anayesafiri katika mkoba wa mtalii ametoka mikononi mwao. Katika riwaya ya mahaba ya likizo watu hawa hujitokeza kama mkono ulioshika sinia, na pengine tabasamu juu ya mkono huo. Kusoma riwaya kama hiyo ukiwa umekaa upande wa sinia ni kitendo cha pekee. Dada hakukasirika. Alisoma kwa miaka ishirini akijua kwamba mlango aliokuwa akiugonga kila asubuhi ndio huohuo unaofungwa katika sura ya mwisho ya kitabu, wahusika wakiwa ndani, naye nje na ufagio.

Kwa nini basi aliendelea? Swali hili liliwahi kuulizwa Marekani na Janice Radway, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1984 juu ya wanawake wasomaji wa riwaya za mahaba katika mji aliouficha kwa jina la Smithton. Radway alitarajia kusikia habari za mapenzi. Wanawake hao walimweleza zaidi habari za muda: kwamba mwanamke anapokishika kitabu, mume na watoto hujua kuwa kwa nusu saa haitiki. Hoja hiyo ilizaliwa mbali mno na Nuu, lakini ilihama vizuri. Desemba ile ilikuwa ya msimu wa tano mfululizo wa mvua haba tangu ule wa mwishoni mwa 2020. Mito ilikuwa mchanga mtupu. Maji yalichotwa katika visima vilivyochimbwa mchangani, kisima kikijaa polepole kama mtu anayekumbuka jambo, na foleni ya mitungi ya plastiki ikianza kabla ya alfajiri. Mpwa wake mhadhiri, binti wa dada huyo, aliyekuwa akingojea kuingia kidato cha tatu, alikwenda foleni na kitabu. Aliulizwa na mjomba wake kama mapenzi ya kitabuni hayamchoshi, kwa kuwa mwisho wake wajulikana tangu ukurasa wa kwanza.

'Ndiyo raha yake, mjomba,' alijibu. 'Maji sijui kama nitayapata. Hawa najua watapatana.'

Hapo ndipo palipomlazimu mhadhiri kuutazama upya mtaala ambao yeye mwenyewe hufundishia walimu. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, ilikuwa riwaya teule katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa kuanzia 2007. Katika riwaya hiyo Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba katili, anatoroka na kuishia katika danguro. Ni riwaya kubwa, na wasichana wa Nuu waliisoma kwa amri ya serikali, wakafanyiwa mtihani juu yake. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, ambayo ni miongoni mwa riwaya zinazosifiwa mno kwa umahiri wa lugha, yaonyesha mapenzi ya Idi kwa Bahati kuwa ni mtego wa kuifikia mali ya Mwinyi. Hakuna aliyeandika barua kutaka vitabu hivi vichunguzwe visije vikaharibu wasichana, ilhali ndani yake mna tamaa, hila na miili inayouzwa. Kilichomo katika Mills & Boon na kisichomo humo ni kwamba msichana anapenda, anapendwa, na halipizwi. Hapati mimba ya aibu wala hafukuzwi nyumbani, na maradhi hayamkondeshi katika sura ya tisa ili wasomaji wajifunze. Orodha ya mwalimu mkuu, ukiisoma kwa makini, haikuwa ikiogopa ngono. Iliogopa furaha isiyo na adhabu.

Inawezekana kabisa kumtetea mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayeletewa msichana wa miaka kumi na sita aliyeacha shule, na yeye ndiye anayekaa na wazazi wake chini ya mti akitafuta maneno. Mahaba ya kitabuni hayamlipii mtu karo. Mpwa mwenyewe hakuwa na upofu katika jambo hili: alikuwa na rafiki aliyeolewa mwaka wa ukame, na mahari, yaani mbuzi waliosalia, ililiwa kabla ya mwezi kuisha. Aidha, katika eneo hili neno harusi limepata kivuli. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na mto Enziu uliofurika, watu zaidi ya thelathini wakafa. Mwaka mmoja baadaye mto huohuo ulikuwa mchanga wa kutembelea kwa miguu. Msomaji wa Nuu anayefika kwenye sura ya mwisho yenye kengele na maua huibeba sura hiyo pamoja na hayo yote. Haihitaji mhadhiri wa kumwambia kwamba maisha si hivyo.

Kuhusu ubora wa riwaya zenyewe, machache yatosha. Nyingi ni mbovu. Tashbihi zake zimechakaa, mazungumzo yake ni ya watu wasiowahi kukatizana, na bahari daima ina rangi ileile. Tatu au nne zilikuwa zimeandikwa kwa ustadi wa kweli, hasa katika kujenga kutoelewana kwa watu wawili wenye nia njema, jambo ambalo mwandishi yeyote wa tamthilia atakiri kuwa ni gumu. Mhadhiri alizitia alama ya penseli.

Upelelezi ulikuja na msikilizaji. Mama yao, aliyepita miaka themanini na ambaye mtoto wa jicho ulikuwa umemwachia mwanga tu bila ya maumbo, aliomba asomewe. Walianza na kitabu cha Alexander McCall Smith, yule aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948 na ambaye mwaka 1998 alitoa riwaya ya kwanza ya mfululizo wa Mma Ramotswe, mpelelezi wa kike wa Gaborone. Mhadhiri alitafsiri papo kwa papo, nusu Kiswahili, nusu Kikamba. Mama alimpenda Mma Ramotswe kwa sababu anapoketi huketi kikamilifu. Alifurahi zaidi kusikia kwamba nchini Botswana fedha huitwa pula, ambalo ni neno la mvua, akasema kwamba hao ni watu wenye akili. Zaidi ya hapo hakuvutwa. Kesi zilikuwa ndogo mno kwake, na wahusika wote walikuwa na tabia njema kupita kiasi, hata wezi.

Mambo yalibadilika walipofikia Mzimu wa Watu wa Kale. Riwaya hii ya Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki 1991, ilishinda shindano la Shirika la Uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa 1960. Ndiyo iliyomzaa Bwana Msa, mwenye kiko na akili, pamoja na Najum, rafiki yake anayeshika nafasi ileile ya Watson kwa Sherlock Holmes. Vingine vilifuata: Kisima cha Giningi mwaka 1968, kilichochukua jina la mahali pa wachawi katika imani za Unguja na Pemba, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Uhakiki uliozoeleka, ambao mhadhiri mwenyewe hufundisha, humsifu Abdulla kwa lugha na kumlaumu kwa mambo mawili: kwamba aliazima muundo wa Kiingereza, na kwamba wahusika wake wanaishi kana kwamba Mapinduzi ya 1964 hayakuwahusu. Kisha husemwa kwamba walau alipambana na ushirikina, kwa kuwa maiti yapatikana kwenye mzimu, watu wanautuhumu mzimu, naye Bwana Msa anaonyesha kwamba muuaji ni binadamu.

Mama alisikiliza hadi mwisho, jioni nne mfululizo, taa ya sola ikiwa karibu na kitabu na yeye akiwa mbali nayo kwa kuwa haimsaidii. Neno mzimu halikuhitaji maelezo. Ukambani pana ithembo, mahali patakatifu pa kutolea sadaka, aghalabu chini ya mti mkubwa usiokatwa, na yeye alipokuwa msichana alipelekwa huko wazee walipoomba mvua. Bwana Msa alipokwisha kufumbua fumbo, mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema: 'Mtu ndiye aliyeua. Hilo silikatai, mwanangu, huyu bwana amelieleza vizuri. Lakini mzimu, siku hiyo, ulikuwa wapi?'

Mhadhiri alijibu kwamba maana ya hadithi ni kuwa mzimu haupo.

'Hakusema haupo. Amesema haukuua. Wewe umesoma, tafuta mahali aliposema haupo.'

Alitafuta. Ni kweli kwamba mantiki ya upelelezi haikuhitaji zaidi ya hapo. Mpelelezi humwondoa mtuhumiwa mmoja baada ya mwingine, na mzimu ukiondolewa katika orodha ya watuhumiwa haukuondolewa katika dunia. Usomaji wa mama huyu unaiacha riwaya ikiwa na pande mbili pale ambapo uhakiki wa darasani umeifanya kuwa na upande mmoja, na yafaa mtu mwenye muda aufuate katika vitabu vyote vya Bwana Msa, hasa Kisima cha Giningi.

Lakini mama hakuwa akifanya uhakiki. Aliomba sura ya mwisho isomwe tena, na iliposomwa alieleza kwa nini. Kaka yake wa pekee alikutwa amekufa kando ya mto zaidi ya miaka arobaini iliyopita, akiwa amerudi kutoka sokoni. Wengine walisema ni pombe, wengine nyoka, wengine shamba. Aliulizwa mundu mue, mganga wa kupiga ramli, naye akasema maneno ambayo familia iliamua kutoyarudia. Hakuna aliyeulizwa lolote rasmi. Kitu ambacho mama alitaka kukisikia mara ya pili ni jinsi Bwana Msa anavyowaketisha watu wote pamoja na kuyasema mambo kwa mpangilio, huyu alikuwa hapa, yule alikuwa pale, na kila mmoja analazimika kukaa na kusikiliza.

Wahakiki wa Magharibi hupenda kudai kwamba upelelezi mwepesi humliwaza msomaji kwa kurudisha utaratibu uliovurugwa na kifo. Dai hilo lina sharti lililofichika: kwamba huyo msomaji alikuwa na utaratibu tangu hapo. Kwa mwanamke ambaye kifo cha nduguye hakikuwahi kuelezwa na mtu yeyote mwenye mamlaka, kikao cha Bwana Msa ni fantasia kubwa kuliko joka. Vilevile ni kipimo, kwa kuwa baada ya kukisikia alijua hasa ni kitu gani kilichokosekana katika miaka ile. Mhadhiri aliandika jina la kitabu juu kabisa ya orodha, bila ya maelezo.

Kuhusu fantasia iliyotafsiriwa na ile ya Kiingereza hapana mengi ya kueleza. Falme zilikuwa nyingi, ramani zilikuwa nyingi zaidi, na mpwa alizisoma kwa kasi ya mtu anayekula karanga. Kati ya vile vya Kiswahili, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, ilimchekesha. Alisema Kiswahili chake kinacheza, tofauti na Kiswahili cha shule kinachosimama wima kama kiranja.

Kilichomshika ni Adili na Nduguze. Kitabu hiki cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, kilichochota kutoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela, kimepangwa na desturi ya vyuo katika rafu ya watoto, tofauti na Kusadikika cha mwaka uliotangulia ambacho, kwa kuwa ni istiari ya dola, kimeandikiwa makala yasiyohesabika. Adili, liwali wa Janibu, ana manyani wawili. Kila usiku huwapiga mijeledi, si kwa kupenda, bali kwa amri ya Huria wa majini. Na manyani hao ni ndugu zake mwenyewe, waliomtupa baharini kwa wivu. Kazi ya kuwafukuza manyani mashambani ilikuwa ya mpwa huyu tangu utotoni, miaka ambayo mahindi yalikuwepo, kwa hiyo kwake mnyama huyo hakuwa ishara ya kitu kingine chochote. Alimwonea Adili huruma kwa kulazimishwa kupiga. Kisha akauliza swali ambalo halipatikani katika maswali ya mwisho wa kitabu: kwa nini wakati mfalme Rai anapochunguza jambo hili, mtu wa kuulizwa ni Adili peke yake?

'Labda manyani hawawezi kusema,' mjomba alijibu.

'Wangeweza kupewa majini wa kuwatafsiria. Majini si wapo?'

Hii ndiyo faida ya kuichukua fantasia kwa uzito wake, kama dunia yenye sheria zinazoweza kudaiwa. Mila yetu ya kihakiki haina subira hiyo. Inapokutana na jini huharakisha kusema jini anawakilisha nini. Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990, Mzingile ya 1991, na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila ya 2002 zimepokewa kwa heshima pamoja na maajabu yake yote, na zastahili heshima hiyo. Lakini ni vigumu kutoona kwamba ugumu wake ndio uliozilipia nauli. Maajabu yakiwa mepesi na ya kufurahisha huteremshwa njiani. Wakamba wenyewe walikuwa na majini wao kabla ya vitabu. Mswidi Gerhard Lindblom alizikusanya hadithi za aimu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na John Mbiti, mwana wa Kitui, alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Akamba mwaka 1966. Katika hadithi hizo zimwi humeza watu, hukatwa kidole, na watu hutoka wote wakiwa hai. Hakuna bibi aliyemaliza kusimulia akaongeza kwamba zimwi linawakilisha ukoloni.

Kikabaki kile cha Maillu. Kilikuwa After 4.30, cha mwaka 1974, habari ya masekretari wa Nairobi na mabosi wao baada ya saa za kazi. David Maillu alizaliwa mwaka 1939 Kilungu, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Makueni, na katika miaka ya sabini kampuni yake ya Comb Books iliuza vitabu kwa wingi uliowashangaza wachapishaji wakubwa. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Mwalimu mkuu, alipofika kuulizia maendeleo ya orodha, alikitambua kitabu hicho kisicho na jalada kwa kuona tu ukurasa wake wa kwanza. Alicheka, akasema kwamba katika bweni lao kilisomwa kwa zamu, kurasa zikiwa zimechanwa ishirini ishirini ili wengi wasome kwa wakati mmoja, na kwamba yeye hadi leo hajui sehemu ya kati.

Mhadhiri alimweleza hoja yake kuhusu furaha na adhabu. Alisema kwamba hata Maillu, anayeitwa mchafu, ni mhubiri: Jonathan Kinama wa Unfit for Human Consumption anaula mshahara wake kwa anasa, na anaishia kujiua, hakuna raha katika vitabu hivyo isiyolipiwa mara mbili. Kwa mantiki ya barua ya shule, Maillu ndiye angefaa kuingia kabatini, na wale wapenzi wa ufukweni ndio wabaki nje. Mwalimu mkuu alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayemheshimu msomi na ambaye ana kikao na wazazi siku ya Ijumaa. 'Daktari,' alisema, 'wewe utarudi Nairobi.'

Orodha ilipelekwa kwa wakati. Ilikuwa na vitabu vyote vya upelelezi, vyote vya fantasia, na vya mahaba kumi na viwili vilivyotiwa alama ya penseli, kila kimoja na sentensi mbili za utetezi. Shule ilipokea upelelezi na fantasia kwa shukrani. Kumi na viwili vilirudishwa, pamoja na vingine vya aina yake, katika kasha lililofungwa vizuri kwa utepe. Mzimu wa Watu wa Kale hakikupelekwa, kwa kuwa mama alikataa kukitoa.

Dada alilifungua kasha akavipanga vitabu katika rafu ya kibanda chake, kati ya viberiti na sabuni. Hukopeshwa kwa shilingi kumi kwa wiki. Jina la mkopaji huandikwa katika daftari, ambalo mpwa hulitunza anapokuwa nyumbani, na ambalo lina safu ya mwisho ya kuonyesha kama mtu amemaliza kusoma. Mvua iliponyesha Machi ile, rafu ilivuja na baadhi ya vitabu vikapoteza kurasa za mwisho. Hivyo hukopeshwa kwa nusu bei. Anayekirudisha huvuta kiti karibu na mzani wa sukari, na dada, akiendelea kupimia wateja, humsimulia jinsi kilivyokwisha.